"Nano ya asili" ya mwarobaini na fedha kwa mnyauko wa nyanya: kuna aliyeona matokeo shambani?

#1 MkulimaPongwe (mleta mada)
Wakuu salaam. Nina nyanya robo ekari huku Pongwe, Tanga, zimeanza kuzaa. Upande wa mfereji miche inanyauka ikiwa kijani kabisa. Asubuhi unaukuta umesimama, jua likipanda majani ya juu yanalegea, jioni unajikongoja kuinuka, halafu siku inafika hauinuki tena. Hakuna njano, hakuna doa. Ukiung'oa, mizizi inaonekana mizima.

Sasa kuna jamaa anapita mashambani na chupa za nusu lita, maji ya kahawia, anasema ni nano ya asili iliyotengenezwa kwa majani ya mwarobaini na madini ya fedha. Inaua bakteria na inafufua hata mche ulioanza kulala. Chupa haina lebo, haina tarehe, haina kipimo. Jirani yangu ananiapia kwamba imemsaidia. Sina hela ya kumwaga, na wala sina moyo wa kutazama shamba likiisha tuta baada ya tuta. Ina ukweli au ni chai? Mwenye uzoefu ashushe nondo.

#2 Ngoja_Waje
Nimevuta kiti. Wajuzi waje.

#3 DaktariWaMimea
Mkuu, kabla ya dawa tujue ugonjwa. Kata shina la mche ulionyauka leo, chukua kipande cha karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Glasi iwe ya kuona ndani, usiitikise. Ndani ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe zinashuka taratibu kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria, *Ralstonia solanacearum*. Usipoona kitu, fikiria fusari, ambayo ni ukungu, au minyoo fundo mizizini. Fusari kawaida huanza na njano majani ya chini, mara nyingi upande mmoja wa mche.

Kama ni Ralstonia, elewa anakaa wapi. Anatoka kwenye udongo, anaingia kupitia vidonda vya mizizi, vya jembe au vya minyoo, kisha anazaliana ndani ya mirija inayopandisha maji. Mche ulionyauka unaweza kuwa na bakteria zaidi ya milioni 100 kwa gramu moja ya shina, na wanatoa utelezi unaoziba mirija kama ute wa bamia. Ndiyo maana mche unakufa kwa kiu wakati udongo umelowa. Sasa jiulize, kitu ulichopulizia kwenye jani kinafikaje huko ndani? Habari ya kufufua mche uliolala mimi siikubali.

#4 Mgosi wa Soni
Daktari hapo #3 umetoa maelezo mazuri, lakini usituzimie moto mapema. Mimi nimetumia na nimeona. Siyo ya chupa za kuuziwa njiani. Mpwa wangu anasoma kemia, alitengeneza mwenyewe kwa mizani. Hatukupulizia. Tulichovya mizizi ya miche siku ya kupandikiza, na tulimwagia tena shinani ilipoanza kutoa maua. Tuta tulilochovya limevunwa matenga ya kutosha. La pembeni lilibaki vijiti. Huku Lushoto mnyauko tunaujua tangu kwenye viazi, hatubahatishi.

#5 Mwl_Kemia
Niongeze upande wa utengenezaji, maana huu ndio unaoficha utapeli.

Chembe nano ni chembe zenye ukubwa kati ya nanomita 1 na 100. Unywele wa mtu ni kama nanomita 80,000, bakteria wenyewe ni kama 1,000 hadi 2,000. Kwa hiyo chembe moja ni ndogo mno mbele ya bakteria, na kwa kuwa ni ndogo, eneo lake la juu ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, na hapo ndipo ioni za fedha, yaani atomi za fedha zenye chaji ya umeme, zinapotoka. Ioni hizo zinashika protini kwenye utando wa bakteria na kuvuruga upumuaji wake. Hili limethibitika maabara mara nyingi, si hadithi.

Njia ya "asili" ni hivi: unachemsha majani, unachuja, unaongeza nitrati ya fedha. Kiasi kinachotumika sana ni milimola 1, yaani gramu 0.17 kwa lita ya maji. Kemikali za jani zinageuza ioni za fedha kuwa chembe za fedha, na maji yanabadilika kutoka njano hadi kahawia. Hapa mwarobaini anafanya kazi ya kugeuza na kuzuia chembe zisishikane. Muuaji ni fedha. Anayekuambia "ni majani tu, haina kemikali" anakuficha nusu ya chungu.

Na kahawia peke yake haithibitishi kitu. Maji ya majani yakikaa wazi yanakuwa kahawia yenyewe. Mtengenezaji wa kweli anaweka chupa mbili sambamba, moja ina nitrati, nyingine haina, anazilinganisha. Muulize muuzaji wako chupa ya pili iko wapi.

#6 Mama Bustani Kange
Mimi naona mnatafuta mchawi mbali. Mleta mada kasema "upande wa mfereji". Maji yanayopita kwenye mche mgonjwa yanabeba bakteria hadi mche unaofuata. Nilikuwa na shida hiyo hiyo, nikaziba mfereji, nikamwagilia kwa ndoo kila shina peke yake, nikang'oa wagonjwa na udongo wao kwenye mfuko. Ulipungua bila nano ya mtu yeyote. Mgosi, lile tuta lako lililopona lilikuwa juu au chini ya lile lililokufa?

#7 Mgosi wa Soni
Mama Bustani, lilikuwa juu kidogo. Lakini huku ni milimani, kila kitu kiko juu au chini ya kitu kingine!

#8 Mama Bustani Kange
Ahaa. Basi maji hayakuwa yakitoka kwa wagonjwa kuja kwa wazima. Na miche ilitoka kitalu kimoja?

#9 Mgosi wa Soni
Ile ya kuchovya tulisia wenyewe kwenye trei. Ya pembeni tulinunua. Ila mbegu ni aina moja, na shamba ni moja.

#10 Ngoja_Waje
Mama Bustani anahoji utadhani mwendesha mashtaka. Mgosi omba wakili.

#11 MkulimaPongwe
Nimerudi. Nimefanya kipimo cha #3. Nyuzi zimeshuka wazi kabisa. Nilichukua na kipande cha mche mzima kutoka upande wa juu wa shamba, nikakiweka kwenye glasi nyingine. Hicho hakikutoa kitu.

Kingine. Jirani alinipa robo chupa ya ile dawa nijaribu. Muuzaji alimwambia achanganye na maji ya kisima. Nilipomimina tu, maji yakawa meupe, yakapata wingu zito, na baada ya kukaa juani yakaanza kuwa na rangi ya zambarau inayoelekea kijivu. Muuzaji anasema huko kuwa nyeupe ndiyo nguvu ya nano inaamka. Kisima chetu kina chumvi, sabuni haitoi povu vizuri.

#12 Mwl_Kemia
Mkuu umetoa ushahidi mzuri kuliko maelezo yote ya muuzaji. Kilichotokea ni kloridi iliyo kwenye chumvi ya kisima kuikamata ioni ya fedha na kutengeneza kloridi ya fedha, unga mweupe usioyeyuka. Ukipigwa na jua unaoza kuwa fedha yenyewe, ndiyo ile zambarau ya kijivu. Wanafunzi wa kidato cha nne wanafanya jaribio hilo kutafuta kloridi kwenye maji.

Maana yake ni kwamba kwenye chupa bado kuna nitrati nyingi ambayo haikugeuka chembe. Mchanganyiko uliokamilika ungebaki kahawia, au chembe zingeshikana na kutuama chini, lakini usingetoa wingu jeupe namna hiyo. Kwa ukanda wetu wa pwani hili ni jambo kubwa: ukitaka kujaribu kitu chochote chenye fedha, tumia maji ya mvua au yaliyotoneshwa, siyo ya kisima. Na usishike kwa mikono, nitrati inaacha madoa meusi kwenye ngozi.

#13 DaktariWaMimea
Mwalimu yuko sahihi kuhusu kilichotokea, ila nisahihishe dhana moja inayoweza kubaki kwa msomaji: kloridi ya fedha nayo inaua bakteria, maana inaachia ioni kidogo kidogo. Kwa hiyo siwezi kusema jirani alimwagia maji matupu. Huenda alipata athari fulani. Tatizo ni udongo. Mfinyanzi na mboji vinaikamata fedha haraka, na fedha haichagui. Bakteria wanaosaidia kurutubisha udongo, wakiwemo wale wa mizizi ya kunde, nao wanaguswa.

#14 Kapteni Sahare
Samahani, mimi ni mtu wa bahari, bustani ni ya mke wangu. Kwa nini mnahangaika na fedha ya kununua wakati Tanga tunatupa dawa? Nilisikia kwenye semina ya wavuvi kuwa maganda ya kamba na kaa yanatoa kitosani, na kitosani inatengenezwa chembe nano inayozuia bakteria wa mimea. Pale soko la samaki la Deep Sea wakimenya kambamiti maganda yanatupwa, yananuka mpaka barabarani. Mwalimu, hii unaionaje?

#15 Mwl_Kemia
Kapteni, umeleta jambo ninalolipenda kuliko fedha. Ganda la kamba lina vitu vitatu vikubwa: chitini, protini na kalsiamu kaboneti. Chitini inaweza kuwa asilimia 15 hadi 40 ya ganda kavu kutegemea aina. Kazi inakwenda kwa hatua. Asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa inaondoa kalsiamu, utaona povu likichemka hadi ganda linakuwa laini. Kostiki soda nyepesi inaondoa protini. Kisha kostiki soda kali, asilimia 40 hadi 50, kwa moto wa karibu na kuchemka, inageuza chitini kuwa kitosani. Hiyo ya mwisho si ya jikoni. Tone moja jichoni unapoteza jicho. Ifanyike maabara, kwa miwani na glavu, na maji machafu yasawazishwe kabla ya kumwagwa.

Kitosani haiyeyuki kwenye maji matupu, inayeyuka kwenye asidi dhaifu, siki inatosha. Ukidondoshea tripolifosfeti ya sodiamu, ile ile inayotumiwa viwandani kushikilia maji kwenye minofu ya samaki, huku unakoroga, chembe nano zinajijenga zenyewe na maji yanapata ukungu wa bluu hafifu. Njia hii ilichapishwa 1997 kwa ajili ya dawa za binadamu. Kitosani ina chaji chanya, utando wa bakteria una chaji hasi, vinashikana na utando unavuja.

#16 MomboKwetu
Mwalimu, kitosani mimi nilipata ya unga kutoka kwa rafiki wa Dar. Nikaikoroga na siki ikawa uteute mzuri. Kwa kuwa naamini majivu, nikaongeza maji ya majivu kidogo kuipa nguvu. Ikaganda mabonge meupe, ikaziba ncha ya bomba, nikashinda nazibua kwa waya. Nini kilitokea? Na je, inafaa kwa mpunga? Majani yangu yanakauka kuanzia ncha na kingo, yana mstari wa mawimbi, asubuhi yanatoa matone ya njano yenye maziwa.

#17 DaktariWaMimea
MomboKwetu, majivu ni alkali. Kitosani inabeba chaji yake kwenye asidi. Uchachu ukipungua na pH, yaani kipimo cha uchachu, ikapita 6.5 hivi, chaji inapotea na inaganda. Ukiondoa chaji umeondoa na silaha. Hii inahusu hata mleta mada: Pongwe na Kiomoni mko juu ya mwamba wa chokaa. Kama udongo wako una chokaa nyingi, kitosani utakayomwagia shinani inaweza kuishia juu juu. Pima pH kwanza. Pale TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, Muheza, kuna maabara ya udongo.

Mpunga wako unavyoueleza unafanana na ukaukaji wa majani wa bakteria, *Xanthomonas oryzae*. Huyo anaingia kwa vidonda na vitundu vya jani, kwa hiyo kupulizia kunaweza kumkuta akiwa njiani, tofauti na Ralstonia wa mizizini. Punguza naitrojeni kwanza, yuria nyingi inamnenepesha.

#18 BintiMuheza
Nimesoma uzi wote nikiwaza machungwa ya baba. Huku Muheza miti inageuka njano tawi moja moja, matunda madogo, yamepinda, chini yanabaki kijani hata yakiiva. Kama kuna nano ya kutibu bakteria wa mimea mbona hatusikii ya machungwa? Wengine wanatuambia ni upungufu wa zinki tu, tupulizie zinki.

#19 DaktariWaMimea
Dada, pole. Fanya hivi: chukua jani lenye njano, kwa kalamu chora duara upande wa kushoto wa mshipa mkuu, kisha chora duara la ukubwa ule ule mahali panapolingana upande wa kulia. Upungufu wa zinki unachora pande mbili zikifanana. Kama ndani ya maduara rangi hazifanani, kushoto njano, kulia kijani, shuku ugonjwa wa kijani wa machungwa. Pasua tunda lililopinda uone mbegu. Mara nyingi ni ndogo, nyeusi, zimekufa. Kisha angalia kwenye machipukizi mapya mdudu anayeueneza: mdudu mdogo wa kahawia anayekaa kichwa chini, makalio juu kwa mshazari, ni *Diaphorina citri* wa Asia. Aliripotiwa kisayansi hapa Tanzania mwaka 2016. Tuna pia mdudu wa Afrika, *Trioza erytreae*, ambaye anaacha majani yenye vishimo na anapenda baridi ya milimani.

Bakteria wake anaishi kwenye mirija ya kubeba chakula, na hadi leo hawajaweza kumwotesha vizuri kwenye sahani ya maabara kama wengine. Florida, Marekani, uligundulika 2005 na umewamaliza. Watafiti wa kule wametengeneza chembe nano za zinki, wamejaribu pia kudunga antibiotiki kwenye shina. Vinasaidia kwa kiasi, hakuna kinachoufuta ugonjwa mtini. Miche safi na kupambana na mdudu ndiyo kazi ya kwanza.

#20 BintiMuheza
Asante Daktari. Maduara hayafanani. Nimechora kwenye majani ya miti mitatu, yote hayafanani. Baba anauliza, ang'oe? Miti ile imetusomesha.

#21 Mzee Maramba
Binti yangu, mwambie baba asing'oe kwa habari za mtandaoni. Amwite afisa ugani, sampuli ipelekwe maabara. Ila asichukue vikonyo vya kubebesha kutoka kwenye miti hiyo kumpa mtu, wala asinunue miche ya barabarani.

Mimi nawasikiliza na kuona jambo la zamani limevaa nguo mpya. Mrututu, ile chumvi ya kopa (shaba), tunaujua wakulima wa kahawa. Mfaransa Millardet mwaka 1885 alitangaza mchanganyiko wa mrututu na chokaa kuokoa mizabibu dhidi ya ukungu. Ukafika mpaka kwetu. Kila mtu alisema umasikini umekwisha. Leo kuna bakteria wa Xanthomonas na Pseudomonas nchi nyingi waliozoea kopa, na udongo wa mashamba ya zamani umejaa kopa isiyoondoka. Fedha nayo ni metali. Bakteria wanaoivumilia wanajulikana hospitalini tangu miaka mingi. Mnataka tuanze safari ile ile?

Na minazi je? Huu ugonjwa uliomaliza minazi ya pwani yetu, nazi changa zinapukutika, makuti yanageuka rangi ya shaba, mwisho mnazi unabaki nguzo, nao ni wa viumbe jamii ya bakteria wasio na ukuta wa seli. Mbona nano haiukuti?

#22 DaktariWaMimea
Shikamoo mzee. Swali lako la minazi lina uzito. Wale wa minazi, fitoplazma, wanaishi ndani ya mirija ya chakula kama wa machungwa. Antibiotiki ya tetrasaiklini ikidungwa shinani dalili zinatulia, ukiacha zinarudi. Kama dawa inayoyeyuka na kusafiri yenyewe inashindwa kumaliza, chembe za metali zina kazi kubwa zaidi mbele yao.

Ila kuhusu usugu nitakupinga kidogo. Chembe nano zinashambulia sehemu nyingi za bakteria kwa mpigo, kwa hiyo usugu unaweza kuchelewa kuliko kwa antibiotiki yenye shabaha moja. Hautazuilika, utachelewa.

#23 Mzee Maramba
Marahaba. Kuchelewa nimekusikia. Kopa nayo ilichelewa.

#24 Kapteni Sahare
Mzee kafunga goli. Nami niseme la kwangu: ioni za fedha ni sumu kali kwa samaki, zinashika mashavuni. Mkimwaga chupa mferejini Pongwe, mvua ikija inaelekea wapi? Baharini kwetu, kwenye mikoko ambako kamba wanakulia. Ganda la kamba angalau lilitoka huko huko.

#25 MomboKwetu
Kapteni anatetea soko la kamba hapo, nimemshika.

#26 Kapteni Sahare
Natetea na soko la nyanya pia, mchuzi wa kamba bila nyanya sili.

#27 Mgosi wa Soni
Turudi kwenye mada. Mmenihoji kama mtuhumiwa lakini hakuna aliyeeleza kwa nini tuta langu lilisimama. Kama ni maji, sawa, lilikuwa juu. Kama ni trei, sawa. Lakini mistari ya mwisho ya tuta hilo inagusana na wagonjwa, majani yanashikana, na nayo ilisimama.

#28 DaktariWaMimea
Mgosi, kugusana majani si hoja kubwa kwa Ralstonia, ni mizizi na maji. Lakini swali lako ni halali, na kuna majibu zaidi ya moja.

La kwanza, fedha iliua bakteria waliokuwa karibu na mizizi siku ya kupandikiza, wakati mizizi ina vidonda vingi. Kuchovya kuna mantiki kuliko kupulizia.

La pili, mmea ulishtuka na kuamsha kinga yake. Wajapani walichapisha mwaka 2016 kuhusu chembe nano za oksidi ya magnesi: zikimwagiwa mizizi ya nyanya kabla ya bakteria kuingia, mnyauko ulipungua sana, ingawa chembe zenyewe hazikuwa wauaji wakubwa wa Ralstonia. Kitosani nayo inajulikana kwa kuamsha kinga, kwa sababu mmea ukikutana nayo unahisi kama ukungu umefika. Kama ni hivyo, basi siku ya kuweka ina maana kuliko nguvu ya dawa, na mche ulioanza kunyauka umeshachelewa.

La tatu ni la Mama Bustani: miche ya trei haikuchubuliwa mizizi, ile ya kununua iling'olewa.

Hata ningesimama kwenye tuta lako nisingeweza kuchagua moja kati ya haya, kwa sababu vyote vilibadilika pamoja.

#29 Mama Bustani Kange
Ongeza la nne: miche ya kununua ilikuja na ugonjwa. Mnyauko unasafiri kwenye kitalu. Na la tano, hali ya hewa. Ralstonia anapenda joto, hasa nyuzi 28 hadi 35. Soni baridi ikishuka anapoa mwenyewe. Mleta mada yuko Pongwe, joto la kutosha, hawezi kunakili matokeo ya Soni.

#30 Mgosi wa Soni
Mama Bustani sasa umeleta mpaka hali ya hewa mahakamani.

#31 Mwl_Kemia
Kuna kitu cha "asili" kilichokwisha kuingia shambani hasa, si kwenye sahani tu: thimoli, inayopatikana kwenye mafuta ya thaimu. Florida waliichanganya kwenye udongo kabla ya kupanda nyanya, wakafunika kwa plastiki, na mnyauko ukapungua shambani, ilichapishwa 2005. Siyo nano, lakini siku hizi mafuta kama hayo yanasagwa kuwa matone ya nano ili yachanganyike na maji. Tuna karafuu na mdalasini Amani. Yujenoli ya karafuu inaua bakteria maabara. Nani kajaribu mafuta ya karafuu kwenye kitalu? Angalizo, ikizidi inaunguza miche.

#32 DadaWaPembejeo
Natazama duka la pembejeo, niwape la sheria. Kiuatilifu chochote kinachouzwa lazima kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020. Neno "asili" halikuondolei usajili. Chupa isiyo na lebo haina kipimo, haina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na mtu akidhurika hamna wa kumshika. Mleta mada nyanya zako zimeshaanza kuzaa, ukimwagia fedha leo, nani kakuambia mlaji ale lini? Hilo hakuna aliyeligusa humu.

#33 MkulimaPongwe
Dada #32 umenigusa. Wateja wangu wa kwanza ni watoto wangu.

Nimeamua chupa sitanunua. Nimeziba mfereji, nimeanza kung'oa wagonjwa na kuweka chokaa shimoni. Ila hamu ya kujua imebaki. Msimu ujao nataka nitenge eneo lile lile lililochafuka, mistari mingine nichovye mizizi kwenye kitosani, mingine siki peke yake yenye uchachu ule ule, mingine maji matupu. Miche yote ya trei, kitalu kimoja. Mwalimu, shule yako inaweza kusimamia kemia? Kapteni, maganda?

#34 Kapteni Sahare
Maganda niambie siku, nitayaosha na kuyaanika juu ya bati. Usiyaache yaoze, yakioza chitini inaharibika.

#35 Mwl_Kemia
Hatua ya kostiki kali siiweki mikononi mwa wanafunzi. Nitawauliza wenzangu chuoni kama wanaweza kuifanya kwa kipimo. Kuyeyusha na kutengeneza chembe tutafanya shuleni. Umefanya vizuri kuweka mistari ya siki, maana wengi wanaosifia kitosani hawajui kama kazi ilifanywa na uchachu.

#36 DaktariWaMimea
Weka na mistari ya miche iliyobebeshwa kwenye shina linalovumilia Ralstonia, nyanya Hawaii 7996 au bilinganya EG203 ukizipata. Nano isiposhinda hizo, hakuna haja ya kuhangaika nayo. Na kila mche utakaokufa ukatwe na kuwekwa kwenye glasi, usihesabu kifo cha minyoo kama kifo cha bakteria.

#37 Mama Bustani Kange
Ndulele na magugu mengine ya jamii ya nyanya kando ya mfereji ng'oa kwanza, bakteria anajificha humo bila dalili.

#38 Mgosi wa Soni
Na mistari isipangwe makundi makundi. Ukiweka kitosani yote juu na maji yote chini, Mama Bustani atarudi kukuhoji kama mimi. Changanya, bahati nasibu, kila aina ipate sehemu ya juu na ya chini ya mteremko. Mimi huku nitarudia na fedha, safari hii miche yote ya trei moja.

#39 Mama Bustani Kange
Mgosi, na usiweke lile tuta tena juu. Mkulima, kitosani utaipeleka shinani kwa maji gani? Kisima chako kina chokaa na chumvi.

#40 MkulimaPongwe
Mvua. Nimeshaomba pipa kwa shemeji, nitakinga kwenye bati la jikoni.